Mukau wa Susu Kavata na Asubuhi Kavu

Mnanicheka, najua. Kila asubuhi kabla sijasalimia mtu naingia jikoni, nachukua kopo la chumvi, nalitikisa karibu na sikio, halafu ndio natoka nje kuangalia anga. Juzi kijana mmoja kati yenu, wa kofia nyekundu, aliniuliza, "Mama Mumbua, si hali ya hewa iko kwa simu?" Iko, mwanangu. Lakini hiyo ya simu inaongea habari za Kitui nzima, na mimi nataka habari za hapa Kwa Vonza, hapa kwangu, kwa hii miti mnayokuja kupanda na ngazi zenu za alumini.

Basi leo kumetanda mawingu na hamna kazi ya kufanya juu. Shukeni. Chai iko. Niwaambie mambo ya chavua, maana huko mlikosomea naona waliwafundisha jina lake tu.

Mimi naitwa Mumbua. Kwetu hilo ni jina la msichana aliyezaliwa wakati wa mvua, na Mungu kwa mzaha wake akanipa kazi ya kukimbia mvua maisha yangu yote. Niliajiriwa na kituo cha miti nikiwa bado sina mtoto, nikastaafu nikiwa na meno machache kuliko niliyoanza nayo. Kazi yangu ilikuwa kuozesha miti. Msicheke! Ndivyo tulivyoiita. Unatafuta mti mzuri huku, unatafuta mwingine mzuri kule mbali, unatoa ule unga wa kiume kwenye maua ya mmoja unaupeleka kwa mwenzake, halafu unafunga maua na mfuko ili nyuki asije akaleta mchumba mwingine. Watu walikuwa wananiita Mama Mifuko. Kanisani kuna mzee aliniuliza kama mbuzi za mahari huwa zinapelekwa kwa shina au kwa matawi.

Mukau wenyewe, huu mti wetu wa nchi kavu, una adabu zake. Chavua ya maua yake mwenyewe mara nyingi haishiki. Unataka ya mti mwingine, wa mbali, kama vile sisi tusivyooana ndani ya ukoo mmoja. Hilo nililielewa upesi. Lililonichukua miaka ni hewa.

Aliyenifundisha hewa ni mzee Nzioka, msimamizi wetu, mtu mfupi mwenye miguu ya upinde na mdomo mchafu wa mzaha. Siku yangu ya kwanza nilifika mapema sana, nimefunga kiuno, nikashika ngazi nianze kupanda. Akaniita, "We msichana, unaenda wapi? Maua bado yamelala." Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, ndani yake chumvi. Akaimwaga kwenye kiganja changu. Ilianguka bonge moja, ikakaa hapo.

"Unaona? Chumvi ikishikana, keti. Ikimwagika, panda."

Nilidhani ni ushirikina. Kumbe alikuwa anapima unyevu. Ile chavua imefungiwa ndani ya vifuko vidogo, na vifuko hivyo havipasuki mpaka vikauke. Asubuhi ya ukungu au ya manyunyu, unaweza kukaa juu ya mti mpaka mguu ufe ganzi, ua halikupi kitu. Jua likitoka, hewa ikikauka, mara tu unaona vifuko vimefunguka na unga uko nje, unashika kwenye ukucha. Baadaye daktari wetu wa miti, dada mmoja mpole kutoka Nyeri, alituletea kifaa cha kupima unyevu chenye mshale. Mzee Nzioka alikiweka mezani kando ya chumvi yake, akavilinganisha mwezi mzima, halafu akasema kifaa kinajaribu. Daktari alicheka mpaka akalia. Tangu siku hiyo kila safari tulibeba vyote viwili, na yeye ndiye aliyekuwa anakumbusha, "Na chumvi, mzee?"

Kabla ya mukau nilifanya kazi Makueni, kule vilimani, kwenye misonobari. Ile ni miti ya aina nyingine kabisa. Mukau unategemea nyuki na wadudu, lakini msonobari unategemea upepo tu, kwa hivyo unatoa chavua bila hesabu. Huko vilimani ukungu hukaa mpaka watu wanamaliza chai ya pili, na wakati huo wote msonobari umenyamaza. Halafu jua linapasua, kaupepo kadogo kanapita, na woi! Mlima mzima unatoa moshi wa njano. Mara ya kwanza nilipiga kelele moto, moto, watu wakakimbia na ndoo. Mzee Nzioka alinitania na hiyo habari mpaka siku ya harusi yangu, alisimama akaisimulia mbele ya wakwe.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeishi chini ya msitu huo. Alikuja kituoni amekasirika, amebeba shuka la kitanda limegeuka njano, akidhani tumenyunyiza dawa. Alikuwa na mtoto wa kike, kifua chake kinabana kila msimu ule, usiku analia kwa kukosa pumzi. Nilimwambia nilichokuwa najua. Siku kavu yenye upepo, chavua inaruka kuanzia jua likipanda, funga madirisha ya upande wa msitu. Anika nguo baada ya mvua, maana mvua ya kutulia inaiosha hewa na kuilaza chavua chini. Lakini ule upepo wa kwanza unaotangulia mvua ya radi, huo mwingize mtoto ndani mbio, kwa sababu unainua kila kitu, na chavua ikipigwa na maji inapasuka vipande vidogo vinavyoingia kifuani zaidi. Na umpeleke hospitali, nikamwambia, haya yangu si dawa. Alimpeleka. Yule mtoto sasa ni mwalimu, na akinikuta sokoni bado ananiita shangazi.

Ngojeni niwaambie ya ugoro, halafu tuende Zombe.

Chavua ukishaitoa lazima uiweke mahali pakavu, pasipoingia hewa. Siku hizi mna vichupa. Sisi tulitumia vikopo vya ugoro. Ni vizuri sana, vinafungika kabisa, na ndani tulitia kitambaa chenye mchele uliokaangwa ili unyonye unyevu. Sasa mzee Nzioka alikuwa mvutaji wa ugoro, mnaelewa tunakoenda. Tulikuwa tumetoka Kibwezi, kwenye mukau mmoja uliotutesa wiki nzima kwa sababu ya mawingu, tumepata chavua ya kujaza ncha ya kijiko. Njiani mzee akahisi kiu yake, akatia mkono mfukoni, akafungua kikopo, akabana pua moja, akavuta na nyingine kwa nguvu zote. Akaniangalia. Akasema polepole, "Mumbua, huu ugoro hauna nguvu." Halafu akapiga chafya na kilichobaki nacho kikaenda. Tulirudi Kibwezi. Njia nzima nilikuwa nauma leso nisicheke.

Sasa Zombe.

Mnajua tatizo la mukau ni uzuri wake. Mbao yake mchwa hawaiwezi, inatengeneza milango, mizinga ya nyuki, vitanda. Kwa hivyo mti ulionyooka ndio unaokatwa kwanza, na uliopinda unaachwa uendelee kuzaa. Ukifanya hivyo miaka mingi, watoto wote wa mukau wanakuwa wa kupinda. Sisi tulikuwa tunatafuta iliyonyooka ambayo bado imesimama, na ilikuwa inaisha. Tulipouona ule wa Susu Kavata, yaani bibi Kavata wa pale Zombe, mzee Nzioka alivua kofia. Ulipanda juu wima, bila tawi mpaka mbali, na ulikuwa umepita kila ukame ambao wazee wa pale waliweza kuutaja. Tulikuwa tumejaribu kukata vikonyo vyake tuviunganishe na miche, vikakauka vyote, mti ulikuwa umezeeka. Njia iliyobaki ilikuwa kuuozesha na kungoja matunda.

Nilibisha hodi. Mkaza mwana wake, Ndinda, akanipeleka ndani. Susu alikuwa ameketi kitandani, miguu imevimba, moyo ndio ulikuwa unamsumbua. Na hicho kitanda! Cha mukau, mbao nyekundu inang'aa kwa kupakwa mafuta miaka na miaka, kichwani kimechongwa ndege wawili wanaotazamana.

"Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni Mumbua, Susu. Natoka kituo cha miti. Nimekuja kuona mukau wako."

"Kila mtu anakuja kuona mukau wangu. Wengine wanakuja na futi ya kupimia."

"Mimi nimekuja na mifuko."

Akanitazama, akaona mifuko kweli, akacheka mpaka Ndinda akaja kumshika mgongo. Alipopata pumzi akapiga kitanda kwa kiganja. "Keti hapa. Hiki kitanda ni ndugu ya huo mti. Ilikuwa miwili, imesimama pamoja. Mume wangu, Baba Mutua, alikata mmoja nilipoolewa, akachonga hiki kwa mkono wake. Huu mwingine nikamwambia auache, utakuwa sanduku langu la kuzikiwa. Watoto wangu wote wanajua. Nilikuja kwa mukau, nitatoka kwa mukau. Siku nikienda, mwanangu Mutua ataukata."

Nilikuwa na swali na sikuweza kulitoa mdomoni.

"Unataka kuniuliza nitakufa lini," akasema, "na unaogopa."

"Susu, matunda ya mukau yanakaa mtini mwaka mzima na zaidi kidogo, ndio yakomae. Yakikatwa mabichi, mbegu haioti."

"Asi! Yaani niishi mwaka mzima kwa sababu ya mti?"

"Ukiweza, Susu."

Alifikiri. Aligeuka akatazama dirishani, ambako shina lilikuwa linaonekana lote. "Nitajaribu," akasema. "Nikishindwa, usinilaumu."

Vijana, niliona haya sana siku ile. Nimekwenda kwa mama wa watu mgonjwa, namwomba muda wa uhai wake kwa ajili ya mbegu. Lakini niliutaka ule mti, na sitawadanganya kwamba sikuutaka.

Ulikuwa mwisho wa kiangazi. Mukau unapenda kuchanua wakati huo, mti mtupu bila majani, maua meupe madogo yenye harufu tamu, mvua ikiwa iko karibu kuingia. Na hapo ndipo palipokuwa na vita yangu. Ukame ulikuwa umeuma. Ng'ombe walikuwa wanaanguka, watu wanatafuta maji mbali. Makanisa yote yalikuwa kwenye maombi ya mvua, watu wamefunga, wanalia. Mume wangu Kwa Vonza alikuwa ameshapanda mbaazi kwenye vumbi, anangoja. Na mimi niko juu ya ngazi Zombe, nataka asubuhi chache tu kavu! Mvua ikipiga ua lililo wazi, chavua inalowa, inapasuka, inaoshwa chini, basi, umengoja mwaka mwingine. Mwaka mwingine Susu hakuwa nao.

Tulifunga maua na mifuko. Majirani waliona karatasi nyeupe zinaning'inia juu ya mti wa mama mgonjwa, na nyinyi mnajua watu wa kwetu. Ikavumishwa kwamba kuna aliyeajiriwa kummaliza kwa uchawi. Susu aliposikia, aliagiza abebwe na kiti mpaka nje, akakaa chini ya mifuko yake saa nzima akila ndizi, ili kila mpita njia amwone mzima. Habari ikafa hapo.

Chavua ya baba tulikuwa nayo, ile ya Kibwezi, safari hii ikiwa shingoni mwangu kwenye kamba, mbali na pua ya mzee Nzioka. Lakini kila asubuhi tukiamka, mawingu. Maua ya mama nayo hayafunguki vizuri hewa ikiwa na maji, na ukifungua kikopo chavua inashikana mabonge. Tunakaa. Susu aliuliza kwa nini tunakaa, nikamweleza habari ya chumvi. Alifurahi kama mtu aliyepewa kazi, na kwa kweli alikuwa hajapewa kazi na mtu tangu augue. Akamwambia Ndinda amletee kisahani cha chumvi akiweke dirishani, kando ya kitanda. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa anatuamuru. Sisi tuko chini ya mti, tunasikia sauti nyembamba dirishani:

"Imeshikana! Ketini mnywe chai!"

Tunakunywa chai. Kesho yake tena, "Imeshikana!" Nikawa nakunywa chai na machozi yananilenga.

Halafu mama wa kanisa wakaja kuombea mvua hapo hapo kwake, kwa sababu hakuweza kutembea. Nyumba ilijaa. Waliomba kwa uchungu, mmoja alikuwa amezika ng'ombe wake wa mwisho juma lile. Kisha kiongozi wao akasema, "Mgeni wetu Mumbua atufungie na maombi." Jamani. Nikasimama. Nifanye nini? Nikisema Bwana leta mvua sasa, najidanganya. Nikisema ngoja, wananifukuza na wana haki. Nikaanza, "Ee Bwana, wewe unajua... kwa wakati wako..." nikakwama. Nikasikia Susu kutoka kitandani, amefumba macho, sauti imara kabisa: "Baba, tuletee mvua. Tumeteseka. Ijaze mito, ishibishe ng'ombe. Lakini hapa kwangu anzia jioni. Asubuhi kuna mtu juu ya mti." Mama wote wakasema amina, kabla hawajaelewa walichokubali. Halafu mmoja akaanza kucheka, na mwingine, na yule aliyezika ng'ombe akacheka pia akifuta macho na leso. Walipotoka walisimama chini ya mukau wakanitakia kazi njema.

Sisemi ni maombi, sisemi si maombi. Asubuhi iliyofuata upepo ulikuwa umegeuka. Nilikuwa nafunga viatu niliposikia, "Mumbua! Inamwagika! Inamwagika yote! Panda!"

Nilipanda. Upepo ulikuwa mdogo, wa kutikisa jani tu, na huo ndio mzuri. Ukizidi unakausha ua kabla chavua haijashika. Nilifungua mfuko mmoja mmoja, nikapaka kwa brashi laini, nikafunga, nikaandika kibandiko. Mzee Nzioka ananishikia ngazi, na Susu dirishani anauliza kila dakika, "Amekubali? Amekubali?" Namjibu, "Bi harusi amekubali!" Tulipata asubuhi kavu za kutosha. Siku ya mfuko wa mwisho nilishuka jua likielekea kuzama, na nilikuwa bado nakunja kamba matone yakaanza kugonga mabati. Watu walitoka nje wakaimba. Mutua, mwanawe mkubwa, mtu mzito asiyecheka ovyo, alikuwa anazunguka uani mikono juu. Niliingia kwa Susu nikiwa nimelowa, tukakaa kitandani tumeshikana mikono, tukasikiliza.

Mifuko tulipoitoa, maua mengi yalikuwa yameanguka. Ndivyo huwa. Lakini vitunda vya kijani vilikuwepo, vigumu, vidogo.

Mwaka huo nilikwenda Zombe kila nilipopata nafasi, hata siku zisizo za kazi. Nikifika tu anasema, "Nipo bado. Hebu niambie, watoto wako wakoje?" Namweleza: wamefika ukubwa wa kidole gumba, mmoja ameangushwa na ndege, wengine wazima. Alikuwa anapungua. Kuna siku niliingia nikamkuta amelala kwenye godoro chini, kitanda hakipo. Nilishtuka. Nikadhani wamekwama kwa pesa, wamekiuza. Nikamuuliza, akasema, "Kile kiko juu sana kwa hii miguu yangu. Chini ni karibu." Nikamtazama Ndinda, Ndinda akaangalia mlango. Niliwaletea blanketi zito siku iliyofuata na nikaacha hapo.

Ndinda alinipigia simu mchana. Aliposema tu "Mama Mumbua" nilijua. Matunda yalikuwa bado mabichi.

Nilifika kwa pikipiki siku waliyoamua kuukata. Mutua alikuwa chini ya mti pamoja na fundi wa msumeno wa petroli, wamefunga kamba tayari. Alinisogelea akanishika mkono kwa mikono miwili. "Mama, pole. Najua kazi yako. Matunda nayaona. Lakini mama alisema mbele yetu sote, atatoka kwa mukau. Neno la mama siwezi kuvunja."

Nikamwambia, "Usivunje, Mutua."

Na nilimaanisha, vijana. Mtu amefiwa na mama yake, unaanza kumwambia habari za mbegu? Niliketi na wale mama wa kanisa, walewale wa maombi, nikajifunika leso. Niliumia. Nililia kwa ajili yake na nililia kwa ajili ya mti, na sikuweza kutenganisha. Msumeno ukawaka. Mnajua ile sauti yake.

Ndipo pikapu ikaingia uani kwa kasi, inapiga honi, na Ndinda amesimama nyuma anapunga leso. "Zima! Zima hiyo mashine!" Fundi akazima. Mutua akauliza kwa ukali kuna nini. Ndinda akashuka, anahema. "Sanduku liko hapa. Lilikuwa kwa fundi seremala, Zombe sokoni. Mama alilitengenezesha akiwa hai."

Watu waliguna. Kwetu mtu hajiwekei sanduku, ni kujiitia kifo. Mutua akasema, "Sanduku gani? Kwa mbao gani?"

Ndinda akavuta turubai. Lilikuwa jekundu, linang'aa kwa mafuta. Na kwenye kifuniko, upande wa kichwa, walikuwepo ndege wawili wanaotazamana.

Mutua alipanda nyuma ya pikapu. Aligusa wale ndege na vidole. "Hiki ni kitanda cha baba na mama," akasema. "Mimi nilizaliwa juu ya hiki kitanda." Akakaa pale pale kwenye mbao za gari, mtu mzima vile, akalia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Alinikataza kusema," Ndinda akamwambia. "Alisema ukijua ungemrudisha kitandani kwa nguvu."

Angemrudisha. Alilala chini miezi ile yote, na miguu ile.

Tulimzika na mukau kama alivyotaka, na fundi wa msumeno alikunja kamba zake akabaki kuchimba kaburi pamoja na wengine. Jioni Ndinda alinivuta kando. "Alikuachia neno. Alisema, mwambie Mumbua nilimwahidi mwaka. Nimejaribu. Palipopungua, nimeweka kitanda."

Matunda yaligeuka rangi ya njano yakiwa mtini, mama yao bado amesimama. Mutua mwenyewe ndiye aliyepanda kuyachuma, hakutaka mtu mwingine. Mbegu zile tulizipasua moja moja kwa kisu kidogo, kwa uangalifu mpaka jicho linauma, zikaota, ingawa si zote. Zile zilizoota ndizo hizi hapa, vijana, hizi mlizoziegemezea ngazi zenu tangu juma lililopita. Ndiyo. Angalieni zilivyonyooka. Na mama yao bado yuko Zombe, nendeni mkamwone, msalimieni Mutua.

Sasa malizeni chai. Na kesho jua likitoka, mkisikia bibi mzee anapiga kelele dirishani, "Inamwagika! Pandeni!", msicheke sana. Sauti ni yangu, lakini aliyekuwa anaita hivyo kwanza ni Susu Kavata.